Kamera ya Kwanza kwa Vumbi la Kifaru

Ukitoka Moshi kwenda Same, kabla ya kufika Mwanga utapita Kifaru. Upande mmoja ni Milima ya Upare. Anga likitakata, Kilimanjaro nao huonekana. Hapo njia ya vumbi huacha lami kuelekea Ziwa Jipe.

Sisi tunaohudumia wazee majumbani tunajua jambo moja: msiba ukitokea, familia huhangaika kutafuta picha ya marehemu, na mara nyingi hupatikana ile ya kitambulisho tu. Ndiyo maana akina mama wengine hutamani kamera ya kubadilisha lenzi. Lakini ada ya shule hutangulia. Je, tufanyeje?

Tununue kamera iliyotumika, kisha fedha zaidi iende kwenye lenzi moja ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8. Lenzi hiyo huingiza mwanga karibu mara 10 kuliko ya kawaida ya milimita 18–55 iliyovutwa hadi mwisho kwa f/5.6. Bibi akikaa karibu na mlango, nuru hiyo yatosha.

Kabla ya kulipa, mama, mulika ndani ya lenzi kwa tochi. Ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Hakikisha pia lenzi inaingiana na kamera, kwani ya Canon haikai kwenye Nikon.

Tusibadilishe lenzi barabarani. Tuingie ndani, tuzime kamera, tuielekeze mdomo chini, vumbi lisiingie.

Kisha tuwapige picha wazee wetu wangali wanacheka.