Tanzia: Bull, Mbwa wa Msafara

Kwa masikitiko yaliyochelewa karibu miaka 150, tunatangaza kifo cha Bull, mbwa wa aina ya buldogi, kilichotokea mwaka 1876 njiani baina ya Karagwe na Ujiji. Marehemu alikuwa mzaliwa wa Uingereza na mtumishi wa msafiri Henry Morton Stanley. Hakuwahi kulipwa.

Tunamwandikia kutoka Katwe, Kampala, bondeni mwa Mengo. Ukiinua macho hapa unakiona kilima cha Rubaga, lilikokuwa jumba la Kabaka Muteesa I wa Buganda wakati bwana wa marehemu alipokuja kwa mara ya kwanza, Aprili 1875. Safari hiyo Stanley alikuja kwa mashua, mbwa akabaki kambini kusini mwa Ziwa Victoria. Baadaye mwaka huohuo msafara mzima ulivushwa hadi Dumo, na hapo Bull naye akakanyaga ardhi ya Kabaka.

Walikuwa wametoka Bagamoyo Novemba 1874: watu 356 na mbwa watano, Castor, Captain, Nero, Jack na Bull. Castor, jibwa kubwa lililotolewa zawadi na mama tajiri wa London, Burdett-Coutts, lilikufa kwa joto siku za mwanzo kabisa, pwani bado iko karibu. Wengine nao wakafa mmoja mmoja, hata akabaki Bull peke yake. Na kama ungeambiwa uchague mmoja wa kuvuka nchi kwa miguu, yeye ndiye ungemwacha nyumbani. Buldogi ana pua iliyobonyea na miguu mifupi. Hukoroma akiwa macho, na jua kidogo tu humtoa ulimi. Huyu alitembea maili 1,500 hivi: Ugogo, Usukuma, Buganda, magharibi hadi karibu na ziwa la Muta Nzige, kisha kusini tena. Mwisho miguu ilikataa. Alijaribu kuinuka aufuate msafara, akashindwa, akafa uso ukielekea njia waliyokwenda wenzake.

Hapa kwetu asingekuwa kioja. Mbwa ni mwiko wa ukoo mmoja wa Baganda, na mbwa wa kuwinda walivishwa njuga. Speke alipoingizwa mbele ya Muteesa mwaka 1862 alimkuta Kabaka na mkuki, ngao, mwanamke na mbwa mweupe kando yake, alama za ufalme. Stanley naye alisimuliwa habari za Suuna, baba yake Muteesa, aliyempenda mbwa wake hata akamtengea mashamba ya viazi, na mbwa huyo alipokufa machifu wakaamriwa kila mmoja alete mbugu, nguo za magome ya mti, za kumzikia. Hao machifu sijui walilia kwa dhati au walilia kwa busara.

Siku hizi mbwa wa Kampala hasafiri. Pita hapa Katwe asubuhi uone kinachomzuia: mageti ya chuma yameegemezwa ukutani barabarani, fundi amechuchumaa, cheche zinaruka, kijana anapiga rangi maua ya bati juu ya kitasa. Geti likifika kwa mwenyewe, Muyenga au Bunga, litaandikwa Embwa Kkali, na nyuma yake atawekwa mnyama ambaye dunia yake yote ni hatua ishirini za saruji. Kazi ya fundi ni safi, silaumu. Ila mbwa wa kuandamana na watu nchi hadi nchi, hiyo kazi imekufa, na Bull ni miongoni mwa waliotuachia habari zake.

Habari hizo tunazo kwa sababu Stanley aliziandika katika Through the Dark Continent, kitabu kilichotoka 1878, na aliziandika kwa huzuni ya kweli. Lakini kitabu hichohicho kina orodha ya watu waliokufa safarini: jina, mahali, sababu. Wapagazi na askari waliochukuliwa Zanzibar na bara, waliobeba mashua ya Stanley iliyoitwa Lady Alice vipande vipande mabegani, kila mmoja kapewa mstari mmoja. Waliofika Boma, karibu na mlango wa mto Kongo, Agosti 1877 hawakuzidi sana mia. Mbwa alipata kuagwa kwa maneno mengi kuliko wao, na hilo si kosa la mbwa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kwenu kuna mzee aliyewahi kusimulia babu aliyebeba mzigo wa Stanley, iwe Zanzibar, Bagamoyo, Tabora au hapa Buganda, yaandike aliyosema kabla hajaondoka nayo. Tanzia za hao bado zinadaiwa.