Majina ya Uskoti na Watu Walioyaacha

Kila aliyesafiri kwa njia ya nchi kavu baina ya Mombasa na Nairobi anaijua Mackinnon Road. Pale pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, na wasafiri wengi husimama, wakatia udhu, wakasali, wakasoma Fatiha, kisha wakashika njia yao. Nami nimepita pale mara nyingi bila ya kuuliza jina lile lina maana gani, mpaka kijana mmoja katika wanafunzi wangu aliponiuliza: "Maalim, mbona mji unaitwa barabara?"

Swali la mtoto si la kudharauliwa. Barabara iliyokusudiwa ni ile njia ya magari ya ng'ombe iliyokatwa katika miaka ya 1890 kutoka pwani kuelekea bara, kabla ya reli. Na Mackinnon ni Sir William Mackinnon, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kampuni ilikuwa ya Kiingereza, lakini mtu mwenyewe hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Campbeltown mwaka 1823, na jina lake linasema hivyo. Kwani "Mac" katika Kigaeli, lugha ya kale ya Waskoti wa milimani na visiwani, ni "mwana wa". Ni kama sisi tusemavyo "bin". Kwa hivyo yule tajiri aliyeshika pwani yetu, jina lake ni bin fulani, kama majina yetu.

Tangu siku hiyo nikawa na hamu ya kuyajua majina ya nchi ile. Nikatafuta ramani, nikatafuta vitabu, na niliyoyapata nimeona niwape wasomaji na watoto wao, tusafiri pamoja kwa ramani, maana safari ya namna hii haina nauli.

Uskoti ni sehemu ya kaskazini ya kisiwa cha Britania. Katika miaka elfu mbili zimesemwa humo lugha nyingi. Kipikti kilisemwa upande wa mashariki na kaskazini. Kusini kilisemwa Kibritoni, ambacho ni ndugu wa lugha ya Wales ya leo. Kigaeli kina udugu na lugha ya Ireland. Mabaharia wa Norwe walikuja na lugha yao, Kinorsi, na kutoka kusini-mashariki kikaja Kiingereza cha kaskazini, ambacho kwa Waskoti kimekuwa lugha mbali, nayo ni Kiskoti. Kila kaumu ilipofika ilikuta mito na milima ina majina. Mengine iliyaacha yalivyo, mengine ikayapinda yafuate ulimi wake.

Tazama milango ya mito. Katika lugha za Kipikti na Kibritoni mahali mto umwagikapo paliitwa "aber". Aberdeen ni mlango wa mto Don. Arbroath hapo zamani ulikuwa Aberbrothock, mlango wa kijito cha Brothock. Shuka kusini mpaka Wales na utakuta Aberystwyth na Aberdare, neno lile lile, ishara kuwa watu hawa walikuwa wa jamaa moja. Wagaeli nao mahali kama hapo hupaita "inbhir", na ndiyo maana ya Inverness, mlango wa mto Ness, na Inveraray, mlango wa mto Aray. Sasa, iko hati ya karne ya 12, ya zama za Mfalme David wa Kwanza, inayotaja mahali paitwapo Inverin na kueleza kuwa kabla ya hapo paliitwa Aberin. Hakuna vita vilivyotajwa katika hati ile wala mauaji. Silabi mbili tu zimebadilika, na ndani ya silabi hizo mna kaumu nzima iliyoacha lugha yake ikashika nyingine.

Hao Wapikti khabari zao zinasikitisha. Walikuwa na dola yenye nguvu, na mawe waliyoyachonga sura za wanyama na wapanda farasi yamesimama mashambani mpaka leo. Lakini kitabu kwa lugha yao hawakutuachia hata kimoja. Imebaki orodha ya wafalme wao, maandishi machache juu ya mawe, na majina ya mahali. Mashuhuri katika majina hayo ni yale yanayoanza na "Pit", kama Pitlochry, Pitmedden na Pittenweem, nayo ni kama mia tatu, karibu yote upande wa mashariki. Asili yake ni neno "pett", kipande cha ardhi, yaani shamba au fungu la mtu. Pittenweem ni shamba la pango, na pango lenyewe bado lipo mjini. Ajabu ni kuwa nusu ya pili ya majina haya aghalabu ni ya Kigaeli. Basi inaonekana Kipikti kilipokuwa kikizimika, watu waliendelea kuigawa ardhi kwa neno la babu zao, hata waliposahau maneno mengine yote.

Na hilo neno lenyewe Wagaeli hawakulistahamili. Katika lugha yao limeshabihiana na neno ambalo mtu hatamki mbele ya mama yake, wala mimi sitalitamka katika gazeti la majumbani. Kwa hivyo mara nyingi wakisema Kigaeli huliondoa na kuweka "baile", yaani kijiji. Ukiuliza Pitlochry kwa Kigaeli utajibiwa Baile Chloichridh. Haya pia ni sehemu ya taarikh.

Mnamo mwaka 800 na baada yake walikuja watu wa Norwe kwa majahazi yao marefu, kwanza wakipora, kisha wakikaa na kulima. Hao walitaja mahali kwa macho ya baharia. Kisiwa kwao ni "ey", na ndiyo ile "ay" iliyo mwishoni mwa majina ya visiwa vingi vya huko. Ghuba ni "vik", ndiyo Wick. Mahali pa baraza la sheria palikuwa ni "thing-vollr", ndiyo Dingwall. Visiwa walivyowakuta watawa wa Kinasara wakiishi peke yao waliviita visiwa vya mapadri, na jina hilo ndilo Pabbay, na ndilo Papa lililomo katika Papa Stour na Papa Westray. Wagaeli, kwa upande wao, walipoona Wanorwe wamejaa katika visiwa vya magharibi waliviita Innse Gall, Visiwa vya Wageni. Wale wageni wamekwisha kuwa wenyeji, lugha yao imekwisha kufa, na visiwa bado huitwa hivyo kwa Kigaeli.

Lakini jina linalonipendeza kuliko yote ni Sutherland. Ukifungua ramani utaiona jimbo hili liko juu kabisa, karibu na mwisho wa nchi upande wa kaskazini. Na maana yake ni Nchi ya Kusini! Mtu wa Edinburgh atacheka. Lakini aliyelitoa jina hili hakuwa Edinburgh. Alikuwa Mnorwe, naye kwake ni Orkney, kaskazini zaidi ya hapo, na kutoka kule Sutherland ni kusini bila ya shaka. Utawala wa Norwe juu ya visiwa vya magharibi ulikoma mwaka 1266. Orkney na Shetland ziliwekwa rehani mwaka 1468 na 1469, mfalme wa Denmark na Norwe alipomwoza binti yake kwa mfalme wa Uskoti akakosa fedha za kulipa mahari. (Kwao mwenye kutoa alikuwa baba wa mke, kinyume cha desturi yetu.) Rehani haikukombolewa mpaka leo. Hapana tena anayetazama Sutherland kwa macho ya Orkney, ila jina limebaki limesimama pale pale aliposimama yule baharia.

Katika pembe ya jimbo hilo hilo iko rasi iitwayo Cape Wrath. Ajuaye Kiingereza atasema ni Rasi ya Ghadhabu, na kwa mawimbi yalivyo makali pale ataona amesibu. Hakusibu. Ni neno la Kinorsi, "hvarf", mahali pa kugeukia, kwa kuwa ndipo majahazi yalipogeuza omo. Kadhalika Glasgow wenyeji hupenda kusema maana yake ni Mahali Pazuri pa Kijani, na Kibritoni chake ni "bonde la kijani" tu. Huo uzuri umetiwa na mapenzi ya watu kwa mji wao. Ndiyo sababu mwanachuoni W. J. Watson, Mgaeli aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule kabla ya kushika kiti cha lugha hizi katika chuo kikuu cha Edinburgh, alipotoa kitabu chake kikubwa mwaka 1926, alishika kanuni ya kutafuta kwanza hati za kale na matamshi ya wenyeji. Sura ya jina ilivyo leo hudanganya.

Na iko sababu ya kudanganya. Katika karne ya 19 wapimaji wa serikali walizunguka nchi nzima kuandika ramani. Wengi wao hawakujua Kigaeli. Kila jina waliliandika daftarini pamoja na watu walioshuhudia tahajia yake, na neno la mwenye ardhi au kasisi lilikuwa na uzito kuliko la mchungaji, ijapokuwa mchungaji ndiye aliyelijua lile jabali. Wakati mwingine lugha zilirundikana. Rasi moja ya magharibi yaitwa Ardtornish Point. "Ard" ni rasi kwa Kigaeli, "nish" ni rasi kwa Kinorsi, na "Point" ni rasi kwa Kiingereza. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe.

Sasa turudi Sutherland, maana huko ndiko majina yalikobaki bila ya watu. Mwanzoni mwa karne ya 19 karibu jimbo zima lilikuwa milki ya bibi mmoja, Elizabeth, Countess wa Sutherland, na mumewe. Wasimamizi wao waliona faida ya kondoo ni kubwa kuliko kodi ya wakulima. Katika bonde la Strathnaver watu walitolewa mwaka 1814, na tena mwaka 1819, na nyumba zao zikachomwa ili wasirudi. Msimamizi Patrick Sellar alishtakiwa mbele ya mahakama ya Inverness mwaka 1816, akaachiliwa. Miongoni mwa vijiji vilivyofutwa kimoja ni Rossal. Jina ni la Kinorsi, Uwanda wa Farasi. Waliokaa humo walisema Kigaeli. Waliowatoa walisema Kiingereza. Donald MacLeod, mwashi wa mawe mzaliwa wa Rossal, aliandika baadaye aliyoyaona, na maandishi yake ndiyo ushahidi mkubwa wa mkasa ule. Misingi ya nyumba inaonekana majanini hata sasa.

Waliofukuzwa walipewa vipande vya ardhi mbaya ukingoni mwa bahari, wajifunze uvuvi. Mahali pamoja walipowekwa, penye mlango wa mto Naver, pakaitwa Bettyhill, yaani Kilima cha Betty. Na Betty ni jina la kudekezwa la yule yule Elizabeth. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Mtu atolewe kwake, kisha kila aulizwapo anakaa wapi alazimike kulitaja jina la aliyemtoa.

Wengine walivuka bahari. Kutoka bonde la Kildonan, ambalo ni kanisa la mtawa Donnan, jamaa waliondoka mwaka 1813 kwenda Red River huko Kanada, na leo mitaa ya mji wa Winnipeg inaitwa Kildonan. Dunedin ya New Zealand ni jina la Kigaeli la Edinburgh, Dùn Èideann, ngome ya Eidyn. Na karibu na kwetu, mji wa Blantyre, Malawi, ulipewa jina na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1876 kwa kukumbuka kijiji alichozaliwa Livingstone.

Mwaka 1891 wenye kusema Kigaeli walizidi 250,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa kama 70,000, na katika visiwa vya magharibi, ngome yake ya mwisho, kwa mara ya kwanza wakawa chini ya nusu ya watu. Sheria ya mwaka 2005 iliipa lugha hiyo heshima, na barabarani na katika vituo vya reli vibao vingi vina majina mawili. Wako wanaonung'unika kuwa ni gharama ya bure. Lakini msafiri asomaye Dùn Breatann juu ya kibao cha Dumbarton amekwisha elezwa kuwa ile ilikuwa ngome ya Wabritoni, iliyohusuriwa na Wanorwe mwaka 870 kwa miezi minne hata ikaanguka.

Hata Campbeltown, alikozaliwa Mackinnon wetu, haukuwa na jina hilo. Walioupa ni mabwana wa ukoo wa Campbell, katika karne ya 17, kwa ajili ya kujitaja wenyewe. Kwa Kigaeli hata leo ni Ceann Loch Chille Chiarain, kichwa cha ghuba ya kanisa la Ciarán.

Nilipomsimulia haya yule mwanafunzi wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Na pale msikitini, Maalim, kabla ya Mackinnon pakiitwaje?" Nimemwambia safari ijayo, tukishuka kusali, tutawatafuta wazee wa Kiduruma wa upande ule tuwaulize, na yeye ndiye atakayeandika.