Mtoto akitii kwa woga, mzazi hubaki gizani

Ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa jirani mchana, huko Kiloleli mkoani Simiyu. Aliyekuwa akiwachunga, mvulana wa miaka 11, alikuwa ameliacha kundi akaenda kuoga lamboni na wenzake. Jioni hakurudi nyumbani. Baba yake aliipata habari kwa jirani aliyekuja kudai mpunga wake.

Baba alishangaa, maana mtoto huyo ndiye anayesifiwa kanisani. Haitwi mara mbili, husalimia wakubwa kwa heshima, na Shule ya Jumapili hukariri mistari kuliko wote. Asubuhi bibi akamleta. "Baba," alimwambia mwanawe, "huyu amepita njiani usiku akija kwangu. Anakuogopa wewe kuliko fisi."

Kosa halikufutwa. Baba na mwana walikwenda pamoja kwa jirani, wakaomba radhi, na mtoto alisaidia kupandikiza upya sehemu iliyoliwa. Fimbo haikutumika.

Nyumba nyingi za Kikristo hufundisha utii kwa Waefeso sura ya 6, na husimama mstari wa kwanza, unaowataka watoto wawatii wazazi. Mstari wa nne, unaowakataza akina baba kuwachokoza watoto wao, husomwa haraka haraka kama tangazo la harusi ya watu wengine. Hata huo wa kwanza una mpaka wake: utii unaosemwa pale ni ule ulio katika Bwana.

Mpaka huo si jambo dogo. Mtoto aliyezoeshwa kumtii kila mtu mzima bila kuuliza hana jibu siku ndugu, jirani au dereva wa bodaboda atakapomwita pembeni na kumwambia asimwambie mama. Anahitaji kusikia mapema, tena kwa mzazi wake mwenyewe, kwamba agizo la namna hiyo halitiiwi hata likitoka kwa mkubwa, na kwamba akija kusema hatapigwa. Kama akivunja kikombe tu hupigwa, ahadi hiyo ataiamini vipi?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa. Lakini inataka pia adhabu ilingane na umri wake na hali yake ya mwili na akili, na haikubali kumwadhibu mtoto mdogo asiyeweza kuelewa sababu ya adhabu hiyo.

Kuhusu upendo, wazazi wengi hudhani umeshaonekana. Baba aliyeuza pamba akanunua sare na madaftari amependa kweli, ila mtoto wa miaka sita haoni pamba ndani ya daftari. Huona nani alimsikiliza wakati wa kukata viazi vya michembe, na nani alimwambia "samahani" alipoadhibiwa kwa kosa la mdogo wake.

Sala ya jioni ni nafasi nzuri pia, isipokuwa pale mzazi anapoitumia kumsomea mtoto mashtaka mbele ya Mungu na wageni. Afadhali kumwuliza kabla ya sala ni nini kilimtisha siku hiyo, kisha kunyamaza. Kwa mtoto aliyezoea kujificha, jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa.