Maji ya soda kutoka mferejini

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, na wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha programu nikawa fundi wa maji. Karibu iwe kweli.

Daktari alimwambia Mzee, tunayekaa naye, aachane na soda kwa sababu ya kisukari. Soda ya kola ina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, naye alikuwa akimaliza chupa mbili kwa siku. Utamu aliuacha bila maneno mengi. Kilichomshinda ni ule mchomo wa gesi kooni. Basi nikaamua kumletea gesi bila sukari, moja kwa moja kwenye sinki.

Ukitaka kujaribu, anza na presha kabla hujanunua mashine. Maji ya nyumba nyingi Nairobi hushuka kutoka tangi la paani, na kila mita 10 za urefu ni takriban baa 1 (si ile ya nyama choma). Tangi letu liko mita 4 juu ya sinki, yaani baa 0.4. Ndani ya kile chombo cha chuma ambamo maji hukutana na gesi, presha ni baa 4 au zaidi. Maji hayaingii hapo hata uyabembeleze. Unahitaji pampu ndogo ya umeme, kichujio mbele yake cha kuzuia mchanga wa tangi, na valvu ya kuzuia gesi kurudi nyuma. Valvu hiyo usiiruke: maji ya soda ni asidi, yakirudi kwenye bomba la shaba hula shaba, nawe unainywa. Halafu poza maji kwanza. Karibu na nyuzi 0 hushika gesi zaidi ya mara mbili ya nyuzi 25.

Fundi alitaka mtungi wa gesi ukae chini ya sinki. Nilikataa, tukabishana. Nikamfanyia hesabu: kilo 5 za kaboni dayoksaidi zikivuja zote ni zaidi ya lita 2,500. Jikoni kwetu ni lita 15,000 tu. Hiyo inapita asilimia 15, na asilimia 10 yatosha kumzimisha mtu. Gesi hii haina harufu, tena ni nzito kuliko hewa, hujaa kuanzia sakafuni, alipo mtoto anayetambaa. Mtungi uko nje, umefungwa ukutani kwa mnyororo, paipu nyembamba ndiyo inayoingia ndani.

Jambo lililonifurahisha: Kenya ina gesi hii ardhini. Carbacid huichimba Kereita, kule Kiambu.

Mzee anakamulia ndimu, anakunywa glasi tatu kwa siku. Stima zikipotea pampu husimama, na hapo ndipo humsikia akiita kutoka jikoni, "We kijana, seva yako imelala!" Sasa natafuta betri.