Jicho na Uboho

Msomaji, ukiuliza mfupa una uhusiano gani na jicho, wengi watakujibu kuwa haupo. Jirani yangu wa Kangemi, fundi cherehani kijana, aliona wingu jeusi katika jicho lake moja. Wenzake wakamshauri kununua miwani. Alipanda matatu katika Barabara ya Waiyaki, akapita Westlands, akafika mjini na kuinunua, wingu halikuondoka. Viganja vyake vilikuwa vimepauka na fizi zake zilitoka damu, lakini hayo hayakutajwa na mtu, maana hayakudhaniwa kuwa mambo ya macho.

Uboho uliomo ndani ya mifupa ni kiwanda cha damu. Hufanya chembe nyekundu zichukuazo hewa, chembe nyeupe zipiganazo na maradhi, na chembe ndogo zaidi zizuiazo damu kuvuja. Kiwanda hicho kikishindwa, aina zote tatu hupungua pamoja. Mishipa ya nyuma ya jicho ni myembamba mno; ikikosa hewa hudhoofika, na ikipasuka hakuna cha kuziba ufa. Damu humwagika penye pazia lipokealo mwanga, na mgonjwa huona wingu.

Mwaka 1851, Helmholtz wa Ujerumani alitangaza chombo cha kuangazia ndani ya jicho. Kwa chombo cha namna hiyo mganga huitazama mishipa ya damu bila ya kupasua ngozi. Mganga wa macho alipomtazama jirani yangu hakumwandikia miwani nyingine. Alimwandikia kupimwa damu siku ile ile. Kipimo kilifichua uboho uliochoka, akapelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Huko nilijifunza neno ambalo ningependa ulishike. Chembe nyekundu zilizotolewa na mfadhili huweza kuhifadhiwa katika baridi kwa majuma kadhaa, lakini chembe zizuiazo damu kuvuja hudumu siku 5 hadi 7 tu. Haziwezi kuwekwa akiba ya mwaka. Lazima mtu atoe leo ili mwingine apone juma hili. Katika Kenya, mwenye afya njema huweza kutoa damu tangu umri wa miaka 16, yaani umri wa wengi wenu.

Wingu la jirani yangu limepungua, kwa kuwa damu iliyomwagika jichoni huweza kufyonzwa polepole. Uboho wake bado hautoshi. Kila anapotunga uzi katika sindano, anaona kwa msaada wa watu asiowajua.