Mvua ya Mawe na Mashamba Mawili

Yamkini ni neno ambalo msemaji wa Kiswahili hulitamka bila kulipima. Huenda, labda, pengine, asaa: yote humpa mtu pa kujificha. Katika hisabati, hata hivyo, yamkini huzaa uyamkini, nao uyamkini hauna maficho. Sharti uwe nambari isiyopungua 0 wala kuzidi 1.

Mnamo mwaka wa 2019, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alirejea likizoni katika vilima vya Konoin, kaunti ya Bomet, somo hilo likimchemka kichwani. Alifunzwa kwa Kiingereza, kama ilivyo ada katika shule za Kenya (hili lastahili makala yake lenyewe), ilhali aliyetaka kumfahamisha hakijui Kiingereza. Jikoni akatoa sarafu mpya ya shilingi kumi, simba upande mmoja, nembo ya taifa upande wa pili.

"Kogo," akamwambia nyanyake, "nikiirusha, simba ana nafasi moja kati ya mbili. Hata akitokea mara tano mfululizo, mara ya sita nafasi yake ni ile ile. Sarafu haina kumbukumbu."

Ajuza akatabasamu tu. Yeye alikuwa na hesabu nyingine. Mvua ya mawe ilikuwa imeponda chai yake mwaka wa 2017 na tena 2018. Mwaka wa tatu, aliamini, ingemwonea haya. Kwa imani hiyo alikusudia kuchukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, aulipe kwa bonasi, yale malipo ya mwisho ambayo mkulima wa chai huyangoja mwaka mzima. Mkopo ulikuwa wa karo. Karo yenyewe ilikuwa ya msichana huyo huyo.

Ikumbukwe kuwa nyanda za Kericho, Bomet na Nandi zinasifika kwa mvua ya mawe. Asubuhi jua huwaka. Alasiri hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda milima, na mawingu hujijenga kama ngome. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, ndege zilitumwa kunyunyiza kemikali mawinguni ili kuyaokoa mashamba makubwa ya chai. Utata ukawa huu: mawe yasipoanguka, nani atajua kama yangeanguka? Chai iliyopigwa huraruka majani, na wachumaji hukaa majuma kadhaa bila kazi mpaka michipuko irudi.

"Mawe nayo hayana kumbukumbu, Kogo," msichana akasema.

Akaomba kopo la risiti za kituo cha kuuzia majani. Ajuza alikuwa na mashamba madogo mawili, la juu na la bondeni. Kuanzia 2009 hadi 2018, miaka 10, la juu lilipigwa miaka 3, la bondeni vilevile miaka 3. Msichana akaandika 3/10 mara 3/10, akapata 9/100. Akatangaza kwa furaha kwamba nafasi ya mashamba yote mawili kupigwa katika mwaka mmoja haifiki hata moja kati ya kumi. Mkopo ulikuwa salama.

Hapo ndipo Kogo alipocheka kwelikweli.

"Mjukuu wangu, wingu likishapita juu, bondeni litapitia wapi?"

Msichana akanyamaza. Kanuni ya kuzidisha nambari hivyo hivyo ni ya matukio huru, ambayo moja halijali lingine. Sarafu mbili ni huru. Mashamba mawili chini ya wingu moja si huru. Akazirudia risiti, safari hii akiyatazama mashamba kwa pamoja. Miaka 2 kati ya 10 yote mawili yalipigwa: 2/10, zaidi ya maradufu ya ile 9/100. Aidha, la juu likipigwa, la bondeni lilifuata mara 2 kati ya 3. Na angalau moja kuumia? 3/10 jumlisha 3/10 ni 6/10, lakini miaka ile 2 imehesabiwa mara mbili. Ikiondolewa mara moja, hubaki 4/10. Miaka 10 si mingi, naye alilijua hilo. Hata hivyo, hakukuwa na risiti nyingine.

Kogo aliyasikiliza yote, akauliza swali moja tu: moja kati ya tano ni kama kusema miaka mitano, mmoja mbaya? Alipojibiwa ndiyo, alikaa kimya hadi chai ikapoa. Kesho yake alikopa nusu ya fedha alizokusudia, akamuuza ndama kufidia iliyosalia. Ndama yule alikuwa wa msichana. Alipewa alipofaulu mtihani wa darasa la nane.

Mwaka huo mawe hayakugusa shamba lolote kati ya hayo mawili. Bonasi ilipotoka, Kogo alisimama mlangoni, akautazama uzio mtupu wa ndama.

"Sikukwambia yangeona haya?"

Msichana alifungua kinywa kujibu, akakifunga, akaenda kuteka maji.