Hakuna Aliyeulizia Dira

Enzi zetu pale Singida mjini, kitabu cha maktaba kilitafutwa kwa vidole. Palikuwa na kabati la droo ndogondogo zilizojaa kadi: za waandishi, za majina ya vitabu, za mada. Ukiipata kadi yako unanakili namba, 967.8 ukitaka historia ya Tanzania, 896.392 ukitaka fasihi ya Kiswahili, halafu unaifuata rafuni. Kusema kweli, wengi tulizikwepa zile kadi. Tulikimbilia kaunta.

"Shikamoo mama. Naomba kile cha Shabani Robati, cha yule Adili."

"Marahaba. Adili na Nduguze. Rafu ya pili, chini kabisa."

Wala hakutazama popote.

Kompyuta zikaja, kadi zikaanza kukaa bila kushikwa. Mwaka 2017 Serikali ilizindua tovuti za mikoa na halmashauri nchi nzima, Singida ikiwemo, na tangu hapo kila taasisi ikaona aibu kukosa ya kwake. Mimi nilikuwa nimeshazama kwenye kazi za kompyuta, basi nikaombwa kukagua rasimu ya tovuti ya maktaba moja ya umma. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na picha kubwa ya mgeni rasmi akikata utepe, chini yake Dira, Dhamira na maneno mekundu yanayotembea. Saa za kufungua zilifichwa ndani ya PDF. Mwanafunzi mwenye bando la kuungaunga angeishiwa kabla utepe haujakatika.

Nikamfuata yule mama wa kaunta, alishastaafu, nyumbani kwake Majengo. Nikamuuliza watu walikuwa wanamuuliza nini pale kaunta. Akacheka.

"Mwanangu, mnafunga saa ngapi, ada kiasi gani, kitabu kipo au kimeazimwa. Na choo kiko wapi. Dira hakuna aliyewahi kuniulizia."

Ukurasa mpya ulitokana na majibu hayo. Mfano wa kuiga tulikuwa nao siku zote: ukurasa wa matokeo wa Baraza la Mitihani, NECTA. Hauna urembo wowote. Herufi juu, majina ya shule chini, unabofya, unaona. Siku ya matokeo hata mzee wa Iramba mwenye simu iliyopasuka kioo anampata mjukuu wake. Wabunifu wengi wangeuona mshamba. Mimi naona ndio unaotumika kuliko zao zote.

Kilichotusumbua ni kisanduku cha kutafutia. Ukiandika "Shabani Robati" kinakujibu hakuna kitabu, na vitabu vimejaa rafuni. Mama alisikia kosa akaelewa nia. Mashine ililisoma kosa kama lilivyo. Ikabidi tuifundishe kwa orodha ya namna watu wanavyoandika majina, tukiokota makosa kutoka kwa wasomaji wenyewe. Sasa Shaban, Shabani, Roberti na Robati wote wanafika kwa Shaaban Robert. Mwandishi Kezilahabi ndiye bado anatutoa jasho, kila mtu ana wake.